Wa Kwanza Kutajwa ni Mzee Faki

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Stafford. Hatujambo, kikohozi changu kimetulia, na mdogo wako bado anaendesha gari kama mwendawazimu.

Kwa hiyo kile chama cha vizazi vya walowezi wa kwanza wa Texas kimekukataa, kwa kuwa Robert ni babako wa kambo na wao wanataka damu. Na nyinyi wawili mlivyozunguka makaburini kila Jumamosi mkitafuta mababu zake! Unaniuliza kama basi hao si wako.

Nilipokuwa msichana Mombasa, kila tulipofanya hitima baba aliwataja wazee wetu ili waombewe dua, na wa kwanza alikuwa Mzee Faki. Nikajua ndiye babu yetu. Siku moja binamu yangu wa upande wa mama akanicheka: Faki alikuwa jirani tu, muuza makaa. Nikamwendea baba nikilia, nikamtaka aache kumtaja.

Baba akanipangusa machozi. "Wazazi wangu walipokufa, nani alinichukua? Nikimwacha yeye, niseme nimetoka wapi?"

Chama kina sheria zake, mwanangu, usigombane nao. Ila usiache kwenda makaburini na Robert. Na mwezi wa Shaaban njoo kwenye hitima. Sauti yangu imechoka, majina utayataja wewe. Anza na Mzee Faki. Siku utakapowatajia wanao wazee wao, utajua mwenyewe uanze na nani.

Bibi yako,
Mwanaisha