Nyasi za Kupokea Ndege

Baba Koku,

Usishangae mwandiko. Ni mimi mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa, ingawa mwalimu anasema herufi zangu zinalala kama walevi.

Tangu utuache, mtoto wetu amepata kazi ya kuhudumia abiria ndani ya ndege. Si za serikali, ni za tajiri mmoja wa Arusha, anabeba wageni wa likizo kwenda kuona wanyama. Balozi wa nyumba kumi kaniuliza, "Mama Koku, mtu mmoja ndege za nini?" Hofu yangu mimi ilikuwa ataanguka tu. Basi alipokuja kunisalimu nikamfichia viatu vyake vya kazi, nikavisukumia ndani ya gunia la kahawa. Nilidhani hataondoka. Akaondoka na kandambili zangu.

Ungecheka. Ulikuwa unasema, "Huyu hata mtoto akipanda kiti, yeye anashika rozari."

Halafu Koku akatuma habari kwamba ndege yao itatua Bukoba mjini Jumamosi. Sasa mgeni anapokelewaje kwetu? Anatandikiwa nyasi. Wanawake wa Nshambya tukakata, dada yako akaja toka Rubya, tukatandika vizuri pale uwanjani itakaposimama. Ndege ikaja na mapanga yake yanazunguka. Nyasi zote juu. Zikaturudia usoni, zikaingia hadi mlangoni mwa ndege. Bibi mmoja wa Kizungu akashuka na nyasi kwenye kofia, anacheka ameshika tumbo. Nikampa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni yeyote. Akatafuna.

Rubani akaniambia niingie nione. Nikaingia, rozari mkononi. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama anapiga picha. Koku akamwambia akae, afunge mkanda, wanakaribia kuondoka. Akakaa. Akakaa kabisa, Baba Koku, kama ulivyotii wewe nilipokuwa nikikuambia uvue viatu vya tope. Na miguuni mtoto ana kandambili zangu.

Vile viatu vilikuwa kwenye kikapu changu. Nilivibeba bila kujua kama nitavitoa. Nikavitoa. Vinanuka kahawa. Akanikumbatia mbele ya wageni wote.

Nyasi zilizobaki nimekuletea hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, nimezitandika juu ya kaburi lako. Viatu sifichi tena, nakuahidi. Rozari nitashika, hiyo usinikataze. Lala vizuri. Koku anasema wakipita juu ya kibanja rubani atainamisha bawa. Nitapunga kanga, mara moja yangu, mara moja yako.

Mama Koku