Mama Iko Shambani

Chérie, weye uko wapi? Leo nimejiaibisha.

Wale watu wa utafiti wamerudi Kalundu, wale wanaopima maelfu ya wazee kila mwaka ili wajue namna watu wanavyozeeka. Walianza kwa jirani yangu Uwituze. Mama yake akafinya kile chuma cha kupima nguvu za mkono, akacheka: "Andika! Minye bado naponda majani ya sombe!" Watu wakapiga makofi.

Wivu ukanikaba, dada. Mwaka jana mama yangu ndiye aliyemshinda.

Mpimaji akaniuliza: "Na mama yako?"

Nikajibu: "Iko shambani, Kiringye."

Chérie, nilisema iko shambani! Mbele ya Uwituze, aliyelala nami kwenye matanga!

Mpimaji akasema: "Basi nitamngoja."

Uwituze akanishika bega. "Noella, tulimzika."

Mpimaji hakukasirika. Akasema: "Hatumfuti kwenye daftari. Tukihesabu waliobaki tu, tutadanganya kwamba hapa watu wote wanazeeka vizuri."

Ningefarijika. Lakini mama yake Uwituze alikuwa angali anafinya chuma kwa mchezo, na Uwituze anamwambia: "Mama, inatosha."

Hata minye ninataka mama wa kumwambia inatosha.