Soksi za Kubana Zilivyonibakisha Getini

Kahawa Wendani,
Ruiru.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia na baridi ya huko Taita haikusumbui sana. Maharagwe ya kule bondeni mliyawahi kabla ya mvua? Mimi ni mzima kabisa, na leo naliandika hilo bila kukudanganya.

Nasema hivyo kwa sababu karibu mwaka mzima nimekudanganya kwenye simu. Kila Jumapili ukiniuliza hali ya mwili, nilikujibu "niko fiti, Mama," huku nimelala chali na mguu wa kushoto nimeuegemeza ukutani. Nisamehe. Sikutaka ukeshe ukilia kwa jambo ambalo usingeweza kulishika kwa mkono. Sasa limekwisha kushikwa, kwa hiyo nakueleza lote.

Unajua kazi yangu ni usoja, kulinda geti la mtaa huku Membley, nikisimama saa kumi na mbili kwa siku. Kwanza miguu ilikuwa inavimba jioni tu. Baadaye mishipa ikajitokeza kama mizizi ya mti, ngozi ya chini ikawa nyeusi tena ngumu, na juu ya kifundo cha kushoto kukatoka kidonda. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Nikakipaka kila kitu: asali, majivu, dawa ya unga niliyoshauriwa na jirani. Kikakua. Kikaanza kunuka, Mama. Watu wa magari wakifungua dirisha niwaandike kitabuni, nilikuwa narudi nyuma hatua moja ili harufu isiwafikie.

Mkubwa wetu kazini, Afande Njoroge, akaniita pembeni.

"Mwadime, wewe ni mtu mzuri, sikatai," akaniambia. "Lakini geti inataka mtu wa kusimama. Kuna gwaride ya masoja wote wa kampuni, miezi nne kutoka leo. Ukishindwa kusimama hapo, mimi sina lingine. Utarudi Taita ukalime."

Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani nikiihesabu miezi hiyo minne kwa vidole.

Kabla ya kwenda hospitali nilifanya ujinga mmoja. Nilikuwa nimesikia kuna soksi za kubana kwa watu wa miguu kama yangu. Nikaenda mjini Thika, nikanunua za kutandazwa chini kando ya barabara. Muuzaji aliniuliza navaa kiatu namba ngapi, basi. Zilikuwa zinajikunja juu na kunikata nyuma ya goti kama kamba, na mguu ukavimba kuliko mwanzo. Nikasema hata hizi soksi ni uongo.

Aliyenitoa hapo ni muuguzi mmoja wa kliniki ya vidonda Thika, Sista Ndunge. Ni Mkamba wa upande wa mashariki ya Thika, mama wa makamo asiyebembeleza mtu. Alipoziona zile soksi alizishika kwa vidole viwili.

"Nani alikupima?"

"Hakuna, Sista. Niliulizwa namba ya kiatu."

"Haiya! Kwani ulikuwa unanunua gumbuti?"

Akanieleza, Mama, na ndiyo mara ya kwanza nikaelewa ugonjwa wangu. Damu ikishuka miguuni lazima ipande kurudi moyoni. Ndani ya mishipa kuna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vyangu vimelegea, kwa hiyo damu inakaa chini kama maji kwenye shimo. Hakuna aliyeniroga. Akaniambia pia kwamba ugonjwa huu hautaisha, ni wa kuishi nao, lakini unaweza kutawaliwa.

Kabla ya kunifunga kitu chochote alisikiliza damu ya nyayo kwa mashine ndogo yenye sauti, fwash, fwash. Akasema mguu ambao damu haiufikii vizuri haufai kubanwa hata kidogo, unaweza kuharibika. Wangu ulifaa. Nikafungwa bandeji za kubana, nikawa narudi kila wiki. Wiki ya tatu harufu ikaisha. Wiki ya kumi na moja Sista Ndunge akafungua bandeji, akamwita mwenzake aje aone. Kidonda kilikuwa kimefunga, Mama! Nililia pale kwenye kiti, mtu mzima na masharubu yake.

Ndipo akanipima soksi zenyewe. Alitaka nije asubuhi mapema kabla mguu haujavimba. Akapima kifundo mahali pembamba kabisa, akapima shavu la mguu mahali panene, akapima toka kisigino hadi chini ya goti. Akaandika na nguvu ya kubana ninayoihitaji. Nikachagua rangi nyeusi, ifanane na sare.

Usidhani kuzivaa ni rahisi. Asubuhi ya kwanza nilipigana nazo nusu saa, jasho likanitoka, mpaka jirani yangu akagonga ukuta: "Baba Wawuda, uko sawa? Unapigana na nani?" Sasa nina ujuzi. Nazivaa nikiwa bado kitandani, kabla sijakanyaga chini. Naigeuza soksi ndani nje hadi kisiginoni, naingiza vidole, halafu naipandisha polepole kwa glavu za mpira zile za kuoshea vyombo. Isiwe na mkunjo hata mmoja. Usiku nazivua, nazifua kwa mkono, nazianika kivulini.

Sasa sikia habari ya gwaride. Lilikuwa kwenye uwanja mmoja hapa Ruiru, jua kali, tumesimama zaidi ya saa mbili. Nilifanya alivyonifundisha Sista: ndani ya kiatu nilikuwa nachezesha vidole na kukaza shavu la mguu, ili damu ipande. Vijana wawili wenye vifua vya mabaunsa walianguka, wakabebwa hadi kwenye kivuli. Mimi nilikuwa nimesimama kama nguzo ya stima! Tukatembea raundi nne, sikukosa hatua.

Mwishoni Afande Njoroge akapita kukagua viatu. Akasimama mbele yangu.

"Mwadime, ni nini hiyo inaonekana kwa mguu?"

Mmoja nyuma akadakia, "Ni stokingi za bibi yake, afande!"

Uwanja mzima ukacheka. Zamani ningetaka ardhi inimeze. Lakini nilipandisha suruali mpaka gotini, miguu yote miwili, wote waone.

"Ni dawa yangu, afande," nikasema kwa sauti. "Na ndiyo imenisimamisha hapa mpaka saa hii."

Kicheko kikakatika. Afande aliniangalia, akaendelea kukagua. Tulipoachiliwa akaniita nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo. Akatazama huku na huku, akapandisha suruali yake. Mama, mishipa yake ilikuwa mibaya kuliko yangu.

"Miaka sita," akanong'ona. "Ni bibi yangu tu anajua. Zako ni saizi gani, niende ninunue hizo hizo?"

"Hapana, afande. Za kwangu ni za mguu wangu. Kesho asubuhi nitakupeleka Thika upimwe wewe."

Nikampeleka. Sista Ndunge alimgombeza kama mtoto kwa kuchelewa miaka sita, na yeye akawa anaitikia tu, "Ndio, Sista."

Tangu wiki iliyopita mimi ndiye msimamizi wa zamu ya mchana. Getini kumewekwa kiti, na kila soja ana dakika zake za kukaa na kuinua miguu. Hakuna anayecheka.

Nisalimie mke wangu, Mama Wawuda, mwambie nitamwandikia yake peke yake. Msalimu binti yetu Wawuda, mjomba Mwakio, na Wakesho mtoto wa kaka anayekusomea barua hii. Mwambie asiruke mahali nilipolia.

Krismasi nakuja. Mwaka jana mlinitumia bodaboda stendi, nikapandishwa mlima kama gunia, nikakwambia nina haraka tu ya kukuona. Safari hii msitume mtu. Wewe kaa mlangoni uangalie njia. Nitapanda kwa miguu yangu.

Mwanao akupendaye,
Mwadime