Nukta Nyekundu Chini ya Laptopu

Fundi Mbwana,

Shikamoo. Sitangoja marahaba, maana hata ulipokuwa hai uliitikia baadaye, ukishamaliza kukaza skrubu iliyokuwa mkononi. Leo nina neno nawe. Nilikushuku, Fundi. Siku nane nzima nilikushuku, wewe uliyenifundisha kazi tangu nikiwa sijui kushika bisibisi, na nimeona heri nikwambie mwenyewe.

Duka liko palepale Ukunda, na mimi ndiye ninayekalia kiti chako. Feni ya dari bado yalia, sijaigusa. Wateja wanaingia, wanatazama nyuma yangu, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Wengine wakishaambiwa umefariki wanatoa pole, kisha wanauliza tena fundi ni nani sasa. Nawaambia ni mimi. Basi wananipa laptopu zao kama mtu anayemwachia paka samaki.

Sasa jambo lenyewe. Yule Kariuki muuza laptopu, jirani yetu wa bara mwenye maneno mengi, alikuja na laptopu kumi na mbili. Zilikuwa za ile shule ya msingi njia ya Msambweni, inayotegemea sola kwa kuwa stima haijafika darasani. Mwalimu mkuu alikataa kuzipokea mpaka duka letu lizithibitishe. Kariuki akazipanga mezani, akanambia, "Sista, hii ndiyo chip iko kwa zile gemu za kushika mkononi. Pawa kama yote! Na mzee wako alishazipitisha." Akazigeuza moja moja. Chini ya kila moja, kwenye skrubu ya pembeni, palikuwa na nukta nyekundu.

Ile nukta naijua. Ni rangi ya kucha ya mkeo, Bi Riziki, uliyokuwa ukiiazima mpaka akakwambia uichukue tu, yeye keshazeeka. Hukuipa mashine yoyote nukta mpaka uipime kwa sufuria ya wali. Bi Riziki akiteleka wali wa nazi huko nyuma ya duka, nawe unaipa mashine kazi nzito, na hutoi hukumu mpaka wali ushuke. "Kila mashine ni bwana harusi dakika kumi za mwanzo," ulikuwa ukisema. "Itazame fungate likiisha." Kwa maana prosesa ndogo ikishapata joto hujipunguzia mwendo isije ikaungua, na hapo ndipo uongo wa muuzaji hutoka nje.

Mimi mtu akinambia "pawa kama yote" huanza kutafuta iliyokosekana. Nikawasha ya kwanza. Kibandiko juu yake kilikuwa chang'aa, kimeandika prosesa ya ule ukoo mkubwa, wa wati kumi na tano. Nikaingia kwenye mipangilio, mashine yenyewe ikajitaja: prosesa ndogo, ya wati sita. Nikawasha ya pili. Nikawasha zote. Hakuna hata moja iliyofanana na kibandiko chake. Basi nikachukua bisibisi nikavunja nukta yako, na wallahi mkono uliniwia mzito. Ndani hamkuwa na feni, kipande cha bati tu cha kutolea joto.

Sikuishia hapo. Nikashusha rafuni ile mashine yako ya gemu ya mkononi, uliyoachiwa na mtalii kule Galu. Nikaweka mchezo mmoja wa mpira huku na huku. Kwenye ile ya gemu wachezaji walikimbia vizuri, feni ikivuma, na kipima umeme kikapanda. Kwenye laptopu ya Kariuki, mshambuliaji alipiga shuti, nikaenda kunawa mikono, niliporudi mpira ulikuwa ungali hewani. Ati chip moja! Zina undugu gani hizo, labda wa kunyonya ziwa moja.

Kibandiko kilisema uongo, Fundi, na nukta yako ilikuwa chini yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kukumbuka mambo niliyokuwa siyajali. Mbona Kariuki alikuja kukutazama mara tatu ulipougua? Mbona alileta machungwa? Kila mtu alileta machungwa, mgonjwa haletewi maembe mabichi, lakini mtu akishaingiwa na shaka hata machungwa huyaona yana njama. Na mbona hukunambia? Nafasi ulikuwa nayo. Siku tatu kabla hujafariki nilikaa nawe kutoka adhuhuri hadi alasiri, ukanishika mkono, na neno ulilonambia lilikuwa moja tu: "Baridi, Mwanaisha. Baridi." Ilikuwa kaskazi, sote twatoka jasho. Nikakufunika shuka. Ukaitupa, ukasema tena, "Baridi." Nikakuongeza blanketi. Ukafumba macho ukageukia ukutani. Kwa hivyo la homa uliliweza, la laptopu hukuliweza?

Nikwambie kilichoniuma hasa. Siku ya maziko nilikuwa ndani na wanawake. Kabla jeneza halijainuliwa, nilimsikia shehe akiuliza uani, "Maiti huyu mwamshuhudia vipi?" Wanaume wakajibu, "Mwema! Mwema! Mwema!" Nami huku ndani nikasema, leso mdomoni. Sasa nimekaa na nukta kumi na mbili mbele yangu, nikajiuliza: je, nilikushuhudia uongo mbele ya Mungu? Siku hizo nane sikuweza hata kukuombea dua vizuri. Nilikuwa nikianza, nikiona rangi nyekundu, naacha.

Siku ya nane nikaenda kwa Bi Riziki. Bado yumo edani, kwa hivyo nikamkuta ndani na nguo zake nyeupe, anachagua mchele. Nikazungukazunguka, nikamwuliza habari za mguu wake, habari za kuku. Akanikazia macho. "Wewe mtoto una neno," akasema. "Liteme." Nikalitema lote, machungwa na yote.

Fundi, alicheka. Mjane wa watu, edani, akacheka mpaka akaweka ungo chini. Akanambia laptopu za shule ulizipima wewe mwenyewe kabla hujashikwa kabisa, ukapika nazo wali siku mbili. Kisha akanambia, "Siku ile ulipomfunika, ulipotoka tu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, namwambia mashine za shule ni baridi, yeye ananirundikia mablanketi! Mimi nikadhani ni maneno ya homa, nikayaacha."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi maana nilikuwa naijua! Kwako mashine zote zilikuwa za makundi mawili, moto na baridi. Moto ni ile inayokimbia, inayokula umeme, inayotaka feni, mashine ya gemu na picha. Baridi ni ile ya polepole, inayonusa umeme tu, haina feni ya kuvuta chumvi ya pwani ndani yake. Hukuwa ukisifu wala ukitukana, ulikuwa ukisema kila moja na mahali pake. Neno nililolisikia kwako miaka sita, siku uliponipa la mwisho nikalitafutia shuka.

Nikatoka hapo hadi kwa Kariuki, na uso wangu alivyouona akasimama. Nikamwuliza wewe ulimwambia nini kuhusu hizi mashine. Akasema, "Mzee alisema ziko baridi. Barida, sista! Si hiyo ni poa?" Kumbe siku ile alikwenda zake akidhani amesifiwa, akabandika vibandiko vya prosesa kubwa, "vya kuchangamsha soko tu." Nilimwambia nitamchangamsha yeye. Uongo wa kibandiko ni wake, sikumsamehe huo, na mpaka leo akiingia dukani namtazama mikono kwanza.

Lakini nukta zako sikuzipa imani kwa maneno ya Bi Riziki tu. Ungenicheka. Nikachukua mbili kati ya zile, na laptopu yangu mwenyewe ya moto, nikazipeleka shuleni, nikaziunga kwenye betri ya sola, kila moja na fungu lake la umeme, sawa kwa sawa. Yangu ilianza kwa mbwembwe, ikavuma feni darasa zima likageuka, na kabla ya kengele ya mapumziko ikazima. Zako ziliendelea na kusoma na kuandika na hesabu, kimya, na kwa mkono nilizisikia vuguvugu tu. Watoto walipoimba wimbo wa kurudi nyumbani zilikuwa zingali zawaka. Nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Mwalimu mkuu alidhani nimeumwa na nyuki.

Siku ya kukabidhi, nilibandua vile vibandiko kwa kucha mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya Kariuki, vyote kumi na viwili. Nikamwambia, mama, hizi gemu haziwezi na mtu asikudanganye, lakini darasa lako la sola zinaliweza. Akasema gemu za nini, yeye anataka watoto wamalize somo. Kariuki alikuwa akitazama viatu vyake.

Bi Riziki amenipa ile chupa ya rangi, imebaki kidogo chini. Ile skrubu niliyoivunjia nukta nimeipaka upya. Nukta ikawa kubwa kuliko yako, kama kidonda. Ungeniambia nifute nirudie, lakini sikufuta.

Nisamehe, Fundi. Niwie radhi. Najua radhi ya mtu huombwa angali hai, na mimi nimechelewa. Nakuahidi sitaipa mashine nukta kabla wali haujashuka, hata muuzaji apige magoti. Na mgonjwa akinambia baridi, nitamwuliza kwanza, wewe au mashine?

Lala salama, Mola akupanulie kaburi. Siku ile nilisema na watu, kwa kuwa watu walisema. Leo nimekupima mpaka fungate likaisha, niko peke yangu dukani, na hakuna shehe aliyeniuliza. Mwema, Fundi. Mwema. Mwema.

Mwanaisha wako