Nimeipandisha Ramu Spidi, Binti Anataka Kuhama na Kompyuta

Mshauri wetu wa gazeti, mimi siyo mtu wa kuomba msaada, hapa Mabatini watu ndio huja kwangu, ila hili limenikaa kichwani na ukinijibu usinifiche. Naitwa Mzee Mihayo, nimeendesha mashine ya kusaga pale Usagara mpaka mvi zikanikuta mlemle, shule niliiacha mapema lakini hakuna injini iliyowahi kunishinda, hata waliosoma walikuwa wananifuata. Sasa binti yangu Modesta anatengeneza video za harusi hapa nyumbani kwa kompyuta ya mezani, na mimi hukaa nyuma yake naangalia, nikaona inajivuta, nikamwambia hii nitaifungulia mwendo, akasema haya Baba, akadhani utani. Nikaangalia kwenye simu mzungu mmoja anaonyesha, maneno yake siyajui ila vidole vyake nilivifuata, unaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio kabla kompyuta haijaamka, unaikuta ramu, yaani kile kifaa kinachoshika kazi wakati kompyuta inafanya, ilikuwa elfu mbili mia sita na kitu, mimi nikaipeleka elfu tatu mia sita mara moja, sikubabaika. Ikawaka. Nikaipima kama nilivyokuwa napima mashine, unaiacha izunguke tupu bila mahindi, unaweka kiganja kwenye beringi, ikiwa haichemki na haitetemeki basi imepona, nikaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta, baridi kabisa, nikanywa chai yangu nikatangaza kazi imekwisha.

Na kweli inakimbia, hilo hata yeye hakatai. Lakini wiki hii alikuwa na harusi ya watu wa Busisi, ameikata video vizuri, alipoitoa uso wa bibi harusi una mistari ya kijani, akarudia, safari hii bibi harusi mzima lakini mchungaji hana kichwa, akarudia tena, kioo kikawa bluu na kompyuta ikazima. Nikamwambia huo ni umeme wa huku kwetu. Akaniambia, "Baba, umeme unachagua mchungaji?" Akamwita Victor, fundi kompyuta mwenye duka barabarani, naye akaniuliza, "Mzee, ulipopandisha ulipima?" Nikamwambia nimepima kwa kiganja. Yule bwana akacheka mpaka akakalia ndoo. Basi nikasema sirudishi spidi, maana nikirudisha nimekubali kuchekwa, na Modesta naye kasema nisiporudisha kabla ya Jumapili anahamisha kompyuta na kazi yake yote kwa Victor, atakodi meza hukohuko, mama yake, Odeta, anamuunga mkono, na mimi nitabaki naangalia ukuta.

Niambie nani ana haki, ingawa najua ni mimi. Na niambie hili ninalolifikiria kila siku: kitu hakichemki, hakitetemeki, hakilii, mtu anajuaje kwamba kimekosea?

Mzee Mihayo, Mabatini, Mwanza

JIBU

Mzee Mihayo, shikamoo. Baada ya heshima hiyo niruhusu nikuseme. Haki iko kwa Modesta. Umegusa kifaa cha kazi yake huku kazi za watu zikimsubiri, halafu lawama ukaupa umeme.

Lakini swali lako la mwisho ni zuri kuliko barua nzima, nami nilimpelekea fundi anayetunza kompyuta za ofisi yetu. Anasema ramu ikikimbizwa kupita uwezo wake si lazima ichemke, inashika vibaya tu. Inapewa rangi ya shela, inarudisha kijani, na yenyewe haijui. Kiganja chako kingekaa pale mpaka Krismasi. Ulipokuwa unamsagia mteja, alisikiliza mlio wa mashine, au alitia mkono kwenye unga akausugua kwa vidole? Kwa ramu kuna programu ya kufanya hivyo. Inawekwa kwenye flashi, inawashwa kabla ya kitu kingine chochote, inaijaza ramu yote, inaiuliza ilichopewa, inalinganisha, inarudia kwa kuipa namba nyingine na nyingine kwa masaa mengi. Likionekana kosa moja tu, spidi hiyo haifai. Usiseme moja ni dogo, huenda ndilo kichwa cha mchungaji.

Rudisha mipangilio ya kiwandani leo, usingoje Jumapili, kisha wewe na binti muipime ramu hivyo nilivyosema, maana ikikosea hata kwenye spidi yake ya mwanzo, ramu yenyewe ni mbovu na sehemu ya lawama itakutoka. Modesta asifute chochote kwenye kadi za kamera, na kila alichotengeneza tangu ulipogusa akikague upya, kwa sababu kosa likishaandikwa kwenye faili halitoki hata spidi ikirudi. Ukiwa bado unatamani mwendo, mwombe ruhusa siku asiyokuwa na kazi, muipandishe spidi kidogo, muipime, muipandishe tena, ikikosea mrudi nyuma. Umeme unaokwenda kwenye ramu usiuongeze kabisa, huko ndiko kwa kuunguza.

Programu hiyo Victor hawezi kuikosa. Mfuate mwenyewe, mchana, watu wakiwepo, umwambie akuonyeshe inavyofanya kazi. Atacheka tena. Bora wewe uende kuchekwa dukani kwake kuliko meza ya binti yako ihamie huko.