Inua Mguu, Shangazi

Shangazi Ndeshi,

Shikamoo. Najua huko uliko hutaitikia marahaba mpaka kwanza uulize kama ng'ombe amekula. Amekula. Amezaa pia, ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso na kiburi chako chote. Nimempa jina lako. Ukitaka kununa, nuna.

Barua hii nimeichelewesha kwa sababu kwa miezi mitatu sikuwa na habari ambayo isingekutoa kaburini ukamtafute mdogo wako na fimbo. Sasa ninayo ya kukuchekesha. Kaa vizuri.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama kwenye baraza la nyumba ya Mangi, chifu wetu wa zamani, khanga mbili na viatu vya kanisani, ukisubiri wageni wanyamaze? Hukuwasalimu kwanza. Ulisema, "Inueni mguu." Wazungu waliinua, wanafunzi waliinua, yule padri mnene aliinua kwa taabu. Kizingiti kilikuwa kimemeguka upande mmoja tangu hujazaliwa, lakini wewe ulikigeuza kuwa heshima: eti hata aliyekuja na kesi kwa Mangi aliinua mguu ili ajue anaingia kwa nani. Mpaka leo sijui kama ulisimuliwa na wazee au ulitunga. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa naipenda.

Miaka sita nilitembea nyuma yako nikijifunza maneno ya kuwaongoza wageni. Nilidhani ukiondoka nitaendelea pale ulipoachia.

Matanga hayajapoa, wazee wa ukoo wa Mangi wakampa Baba Mdogo Elifuraha funguo. Ndiyo, huyo huyo kitinda mimba wenu uliyembeba mgongoni. Akaweka benchi getini na redio yake, akapigilia kibao: KARIBU. JIONGOZE MWENYEWE. Akaniambia, "Aikande, siku hizi ni ruksa. Soko limefunguliwa, watalii wanakuja na vitabu vyao mkononi. Historia haihitaji mtu wa kuitafuna ndipo wengine wameze." Hakuniambia tukiwa wawili, Shangazi. Aliniambia mbele ya watu waliotoka kukuzika.

Na mimi, mtoto uliyemlea, nikamjibu, "Na nyumba haihitaji kuku wa kuatamia funguo."

Kuku! Baba yangu mdogo! Watu wakaangalia chini. Nilijuta kabla sijafika kwangu, lakini majuto yangu yalikuwa na shingo ngumu. Kanisani tukawa tunakaa pande mbili. Tukikutana njiani, kila mmoja anaangalia mlima kana kwamba umehamishwa. Ukweli ni kwamba sikuwa nalilia kazi. Niliogopa kwamba sauti yako itakufa mara ya pili, na safari hii mimi nikiwa hai naangalia.

Siku moja nikaingia kama mgeni. Nilingoja Baba Mdogo aende kunywa chai, nikamwona mama mdogo, mkewe, kwenye benchi, nikapita. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kusimulia wala wa kusimuliwa. Mwanzo nilitaka kulia. Halafu nikaona kitu ambacho kwa miaka sita sikukiona, kwa sababu siku zote nilikuwa nakutazama wewe. Kwenye sakafu ya mbao, kutoka mlango wa jikoni mpaka chumba cha baraza la wazee, kuna njia iliyolika, nyembamba, laini. Ni miguu ya wasichana waliopeleka pombe ya mbege kwa wageni wa Mangi. Wewe ulikuwa mmoja wao, uliniambia mara moja tu tukiwa tunamenya ndizi za mtori. Wageni hukuwaambia kamwe. Ulieleza kiti cha Mangi, mkuki wa Mangi, kengele ya Mangi, na njia yako mwenyewe ukaikanyaga kila siku bila kuitaja. Nilivua viatu nikaipita hadi mwisho.

Sasa njoo kwenye kicheko.

Alikuja mzee mmoja wa Tabora, seremala mstaafu wa mabehewa ya reli, amemtembelea binti yake anayekaa mtaa wa Soweto pale mjini. Stendi bado wanataja jina langu mtu akiulizia nyumba ya Mangi, basi akaja kwangu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyelamba ndimu, aende kwa Baba Mdogo, yeye ndiye mwenye mlango siku hizi. Akacheka, akasema hata hivyo hapendi kuongozwa, macho anayo. Nikamchukia kidogo.

Aliingia peke yake. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia ainue mguu, hakuinua. Alijikwaa kwenye kizingiti akaanguka kifudifudi ndani ya ikulu, kofia ikatangulia.

Mtu mwingine angejifuta vumbi aondoke. Yeye ni seremala. Akapiga magoti kukikagua kizingiti, akaona pengo, akataka kulipima. Hakuwa na futi kamba. Akatoka nje, akavunja jani refu kwenye uzio, akalilaza kwenye pengo, na pale lilipoishia akapiga fundo.

Uzio ule ni wa masale, Shangazi.

Kwao Tabora hilo ni jani. Kwetu, sale likifungwa fundo likaletwa mlangoni kwako, umeombwa msamaha, na huna ruhusa ya kukataa hata kama kosa ni kukuchinjia ng'ombe wako. Mzee wa watu akalibeba mpaka getini. Baba Mdogo alikuwa ameshaambiwa na mzee kwamba ametokea kwangu. Mzee akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zake za Kinyamwezi, akasema, "Mzee mwenzangu, pale mlangoni panapungua kiasi hiki tu."

Mama mdogo alikuwepo. Anasema Baba Mdogo alizima redio. Alivua kofia, akalishika lile jani muda mrefu, machozi yakamtoka, na seremala akashangaa kuona mtu anavyoipenda nyumba.

Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikamwona Baba Mdogo anakuja kwa kupita mgombani, funguo mkono huu, sale lenye fundo mkono huu. Shangazi, nilidondosha panga. Nilijua amekuja kuniomba msamaha, mtu mzima vile, na aibu ikanishika mpaka kwenye masikio. Kabla hajafungua mdomo nikapiga magoti nikamwambia nimekubali, yameisha. Na yeye akasema amekubali, yameisha. Wote tulikuwa tunasamehe kwa mbwembwe, na hakuna aliyeomba! Tukashikana, tukalia, tukakutaja. Nikampikia kiburu cha ndizi na maharage. Akala sahani mbili akasema chumvi ni ya kwako.

Siku zile tukajadiliana kwa amani. Akakubali nirudi kusimulia. Nami nikakubali, kwa sababu ya ile njia ya sakafuni, kwamba mgeni kwanza azunguke peke yake, kimya, aone atakachokiona. Akitoka ndipo aniulize. Ungewasikia maswali yao! Wewe ulikuwa unawapa majibu kabla hawajawa na kiu.

Jumamosi iliyofuata seremala akarudi, kipande cha mti wa loliondo begani. Sisi wawili tupo getini tunakunywa chai kama bwana harusi na mshenga. Akauliza, "Lile jani nililopimia kizingiti mnalo? Nataka kuhakikisha urefu."

Baba Mdogo akanitazama. Nikamtazama. Chai ilinitoka puani.

Tulicheka mpaka mama mdogo akatoka nje akidhani kuna msiba. Kipande kiliingia kwenye pengo bila hata kupigwa randa, na mzee wa Tabora akawa anakipapasa akiringa. Baba Mdogo alipomaliza kucheka akaniambia polepole, "Aikande, ungetaka nikurudishie maneno yako ya kunisamehe?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi. Sale likishafika halirudi. Halina kosa, lilijua linakokwenda."

Lakini mimi nilikuwa na deni la adabu. Jioni ile nilivunja sale jingine, langu, nikalifunga fundo kwa mkono wangu, nikampelekea nyumbani kwake. Nikasema kwa mdomo wangu: samahani kwa neno la kuku. Akalipokea. Akasema, "Aika," ile asante yetu. Halafu akaongeza kwamba kuku ndiye anayelala mwisho akihakikisha wote wameingia, kwa hiyo hata lile hakulichukia sana. Mwongo. Alilichukia.

Sasa kibao kimebadilishwa maneno: JIONGOZE, KISHA UULIZE. Ameandika yeye. Na nikisimulia, namaliza kwenye ile njia nyembamba ya mbao. Nawaambia hapa alipita msichana mmoja aitwaye Ndeshi na kibuyu cha mbege, hakumwaga hata tone, na baadaye akaja kuwa sauti ya nyumba hii. Wengine wanavua viatu bila kuambiwa. Juzi Baba Mdogo alisimama mlangoni akisikiliza. Ilipofika hapo akatoka nje, akajifanya anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Shangazi, nakuaga. Ninakuahidi jambo moja. Kizingiti ni kizima, kimenyooka, hata mtoto anayejifunza kutembea anapita. Lakini maadamu nina pumzi, kila mgeni nitamwambia kama ulivyosema wewe, na wataendelea kuinua mguu mbele ya pengo ambalo halipo tena. Wakiniuliza kwa nini, nitawaambia ni ili wajue wanaingia kwa nani.

Mwanao,
Aikande