Mahali pa Kusimama Kabla ya Bahari

Mjukuu wangu Moraa,

Salamu kutoka Nyakoe. Nyanya yako ni mzima na ndizi zimebeba vizuri. Mimi bado siwezi kutulia; hata barua hii naiandika nikiketi na kusimama.

Umeuliza mkienda Mombasa muwapumzishe watoto wapi. Simameni Mtito Andei, pale milima ya Chyulu inapoonekana.

Nilipowapeleka mama yako Kwamboka na ndugu zake Mombasa wakiwa wadogo, nilitaka tufike mapema. Hapo nilisema, "Dakika tano tu," nikahakikisha mizigo yote ipo, nikaondoa gari. Tulikuwa tumeenda mbali nyanya yako alipogeuka nyuma akauliza, "Kwamboka yuko wapi?"

Nikageuza gari. Njia ya kurudi siikumbuki.

Tulimkuta mama yako ameketi na mwanamke muuza machungwa, akitazama milima. Hakuwa akilia. Aliniambia, "Baba, hapa ni pazuri. Wewe pia keti."

Nikaketi. Tulikula machungwa hadi jua likapoa.

Tulifika Mombasa kesho yake, na bahari tuliikuta palepale.

Babu yako anayekupenda